Sauti Iliyowatoa Majini

Mwalimu hakuwahi kuniambia nisiogope. Watu wengine wote wamewahi: mama yangu, wahadhiri wangu, hata daktari wa zahanati aliyeusikiliza moyo wangu akaukuta mzima. Yeye, siku ya kwanza aliponiona nimesimama mbali na ukuta wa bwawa, mikono nimeibana kwapani, alinitazama akasema, "Wewe unaogopa vizuri. Tutafanya kazi."

Nimeyawaza maneno hayo kupita kiasi, kama ninavyowaza kila kitu. Kwani kuna kuogopa vibaya? Baadaye nilielewa kwamba kwake kulikuwepo. Aliyeogopa vibaya alikimbia, au alipiga kelele, au, mbaya kuliko yote, aliogopa leo na kesho akazoea. Aliyeogopa vizuri alibaki amesimama mahali pake akijua njia ya kutokea iko wapi, na kesho yake akaja akiogopa vilevile. "Siku utakayoizoea kazi hii," aliniambia, "uniage, urudi kwa mama yako ukasuke nywele."

Kazi yenyewe ilikuwa katika bustani ya wanyama watambaao nje kidogo ya Johannesburg, kule ambako nyumba zinaisha na nyasi za rangi ya kaki zinaanza. Nyoka walikaa ndani ya vioo. Mamba wa Afrika walikuwa upande wa chini. Upande wa juu, katika bwawa lenye matete na kisiwa kidogo cha udongo, waliishi aligeta, binamu za mamba, ambao kwao ni vinamasi vya kusini mwa Marekani. Mmiliki wa kwanza wa bustani aliwaleta wakiwa wadogo wa kubebeka. Mmiliki wa sasa, Kaburu mzee ambaye sote tulimwita Oom, yaani mjomba, aliwakuta wameshakuwa wakubwa kuliko mipango ya mtu yeyote.

Mwalimu alikuwa Mtanzania. Aliolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini enzi za ukombozi, akamfuata waliporudi kwao, akafundisha baiolojia katika shule za Soweto mpaka akastaafu, na mumewe alipofariki akabaki. Bustani ilimpa kazi ya kuzungumza na wanafunzi waliokuja kutembea, na polepole aligeta wakawa chini yake. Mimi nilikuwa mhitimu wa mazingira ya ardhi oevu, binti wa msusi Mtanzania wa mtaa wa Bellevue, mjini. Nilisomea mimea ya majini kwa sababu mimea haing'ati. Kazi iliyopatikana ikawa ya kumsaidia yeye.

Nikimkumbuka sasa, sauti yake huitangulia sura yake. Ilikuwa sauti ya darasani, inayofika dawati la nyuma bila kupaazwa. Ndiyo sauti ambayo nusura isababishe kifo cha aligeta mzee aliyempenda kuliko alivyotupenda wengi wetu. Kwa hiyo, lolote nitakalosimulia juu ya Mwalimu, msomaji ajue kwamba mnyama huyo yumo humo, ametulia chini ya maji.

Alivaa mabuti ya mpira na sketi ndefu, na asubuhi za baridi alijifunga kanga juu ya jaketi la bustani, jambo lililomuudhi Oom na kuwafurahisha wanafunzi. Hakupata kuyapa maji mgongo. Hata akinywa chai yake ya tangawizi alikaa upande, bega moja kwa mtu na bega moja kwa bwawa, na katika mazungumzo yetu yote jicho moja tu lilikuwa langu. Nilianza kumuiga bila kujua. Mpaka leo nikiingia mgahawani Newtown, naangalia kwanza mlango wa nyuma uko wapi, halafu ndipo naangalia chakula.

Alisema mnyama wa porini hapewi jina, akanikanya nilipomwita jike mmoja Kijani. Yeye mwenyewe alimwita dume kubwa Shemeji. Nilipomuuliza sababu alicheka.

"Hakuzaliwa hapa, mimi pia sikuzaliwa hapa. Sote tumeletwa na watu wengine, na tulipofika tukaambiwa tushukuru. Sasa nimwite nani?"

Shemeji alikuwa mrefu kuliko kitanda chochote nilichowahi kulalia, kichwa kipana kama sinia, mgongo mweusi wenye miiba iliyochakaa. Kilichonitisha zaidi kilikuwa utulivu wake. Mamba akifumba mdomo, jino la chini hubaki nje na unajua unatazama silaha. Aligeta akifumba, unaona meno ya juu tu, yamepangwa vizuri, na uso wote unaonekana kama wa mtu anayekubaliana nawe. "Utulivu huo ni umbo la taya," Mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Msidhani ni tabia."

Alifundisha kwa kuwatisha kidogo, kisha kuwapa sababu ya kuwahurumia waliowatisha. Aliwaambia jinsi jike anavyojenga kichuguu cha majani mabichi, majani yakaoza, yakatoa joto, na joto hilo likaamua kama mayai yatatoa madume au majike. Aliwaambia jinsi watoto wanavyoanza kulia wakiwa bado ndani ya mayai, mama akasikia, akafukua, akawabeba ndani ya mdomo uleule unaovunja mifupa ya nguruwe. Aliwaambia kuwa kiangazi kikifika kwao, aligeta huchimba shimo katika kinamasi, maji yakabaki humo, na samaki, kasa na ndege wakaishi kwenye shimo la adui yao mpaka mvua irudi. Alipofika hapo aliwaacha kila mara walitafakari shimo hilo. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika fuvu la kuonyeshea, nikihesabu watoto moyoni na kuogopa kwamba mmoja amepungua.

Wanafunzi wa sekondari walipenda kubishana naye juu ya mkoba wake. Ulikuwa mkoba mdogo wa ngozi ya aligeta, zawadi ya mumewe, naye aliutoa katikati ya somo la uhifadhi bila haya.

"Mwalimu, unawalinda au unawavaa?" msichana mmoja alimuuliza.

"Vyote viwili," alisema. "Waliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka wakakaribia kwisha. Sheria ikakataza, wakaongezeka tena. Kisha ikaruhusiwa kuuza kwa kiasi, kwa masharti, na wenye vinamasi wakaona faida ya kuviacha bila kuvikausha. Ukiwa na njia nyingine ya kumshawishi mtu asikaushe kinamasi chake, niambie, huu nitautupa leo."

Lakini nilimwona, wanafunzi walipoondoka, akiufunga mkoba ndani ya kanga kabla ya kupita karibu na bwawa, kana kwamba Shemeji angeweza kuutambua.

Mwalimu huyohuyo aliyeingia uzioni akiwa na fimbo tu mkononi aliogopa lifti. Akienda ofisi yoyote mjini alipanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, akipumzika kila kona na kuniambia anatazama rangi ya kuta. Aliogopa mbwa pia. Nilimtembelea kwake Soweto, na mbwa wa jirani alipobweka, alinishika mkono kwa nguvu iliyoniacha na alama. Nilifurahi, nakiri. Niliwaza: kumbe hofu zetu zinagawanywa tu, kila mtu na fungu lake, na yeye amepewa fungu la ajabu.

Nyumbani kwake ndipo nilipoelewa jambo jingine. Wajukuu walikuwa wanacheza uani. Akawaita kwa Kiswahili: "Watoto, chakula." Hakuna aliyegeuka. Walisikia, kwa sababu mkubwa wao alinitazama mimi kwa aibu kidogo, lakini waliendelea na mpira wao mpaka mama yao alipotoka na kuita kwa Kizulu. Ndipo wakaja mbio. Mwalimu alikuwa anapakua wali. Alipoweka sahani yangu alisema, "Kule bustanini wananisikia."

Kulishwa kwa aligeta kulikuwa hivi. Kanuni ya kwanza, aliyoisema langoni kwa kila mgeni, ilikuwa kwamba mgeni halishi mnyama. Aligeta wa porini humkwepa mtu. Ukimtupia mkate au mfupa wa kuku ukingoni, anajifunza kwamba mtu ni sahani. Kesho anamsogelea mtoto. Keshokutwa analetewa bunduki. "Anayemlisha ndiye anayemuua," Mwalimu alisema, "hata kama risasi itapigwa na mwingine." Bustanini kwetu walilishwa miezi ya joto tu, kwa kuwa baridi ya Johannesburg ikiingia hawali, hulala chini ya maji pua zikichungulia. Walilishwa kwenye jukwaa la ng'ambo ya bwawa, kwa mti mrefu, na ilibidi wote wawe hapo ili Tshepo, mtunzaji wa wanyama, asafishe upande wa pili bila kupoteza mguu.

Ili waje wote, ilihitajika ishara. Filimbi ilikataliwa, kwa sababu watoto hupiga miluzi. Kengele ilikataliwa, kwa sababu muuza aiskrimu alikuwa nayo. Kiingereza, Kizulu, Kitswana, Kiafrikana, vyote vilizungumzwa na wageni. Mwalimu akatafuta sauti ambayo hakuna mgeni angeitoa kwa bahati mbaya. Akaipata mdomoni mwake. Alisimama jukwaani akaita, "Watoto, chakulaaa," akiliburuta neno la mwisho kama wanavyoburuta akina mama wote wa kwetu, na maji yakaanza kusogea.

"Nani atakuja hapa aongee Kiswahili?" aliniuliza nilipokuwa mgeni kazini.

Nilitaka kumwambia: mtaa wetu mzima. Bellevue na Yeoville kuna Wakongo, Warundi, Wakenya, kuna makanisa yanayosali kwa Kiswahili, kuna mama yangu. Lakini aliuliza kwa uhakika mno, nami nikawaza kwamba labda watu wa mtaa wetu hawaendi kutazama mamba. Ilihitaji mtu aliyekaa miaka mingi bila wa kuongea naye kufanya kosa la namna hiyo.

Nilichoogopa zaidi siku za mwanzo zilikuwa alasiri za radi. Wingu likikusanyika juu ya jiji na ngurumo ya kwanza ikapita, Shemeji aliinua kichwa na mkia, akavuta pumzi, akajibu. Kabla sauti haijasikika, maji ya mgongoni mwake yalirukaruka kama mafuta kikaangoni. Kisha ilikuja, chini sana, nikaisikia kwenye meno kabla ya masikioni. Mwalimu alifumba macho. "Anaiambia radi kwamba hapa pana mwenyewe," alisema. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa chumba cha nyoka.

Mvulana mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini aligeta wasifunguliwe tu waingie mtoni, wawe huru. Mwalimu alibadilika sura. "Kamwe. Hapa si kwao. Mito hii ina mamba wake na vyura wake. Mgeni akiingia anavuruga." Wiki hiyo kulikuwa na makundi ya watu wakipita mjini wakiwataka wageni waondoke, na mama yangu alikuwa amefunga saluni. Mimi nilikuwa nimeagizwa kama nilivyoagizwa tangu utotoni: barabarani usiongee Kiswahili, ongea Kizulu, au nyamaza. Tulipobaki wawili nilimuuliza Mwalimu kama hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

"Nimeyasikia," alisema. "Mnyama mgeni anakula vyura wasiomjua, ndiyo maana wanakwisha. Mimi nimekula vyura wa nani?"

Kisha akatazama langoni kuona kama kuna aliyesikia lugha tuliyokuwa tukiongea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya joto, usiku wake mvua kubwa imenyesha. Kanisa moja la Wakongo kutoka Yeoville lilikodi uwanja wa nyasi ulio karibu na bwawa la aligeta kwa ajili ya kuchoma nyama. Niliona basi likishusha akina mama waliovaa vitenge, masufuria, spika, watoto wengi, na nilipowasikia wakiongea Kiswahili nikaikumbuka ile ishara ya jukwaani. Nilianza kumtafuta Mwalimu. Alikuwa chumba cha nyoka na wanafunzi wengine. Nikawaza nimkatize au nisimkatize, nikawaza ningeonekana mjinga, na nikiwa bado nawaza, nikasikia sauti ya mama mmoja kutoka kwenye nyasi:

"Batoto! Kujeni! Chakulaaa!"

Mamba hajui lugha, wala aligeta. Anajua sauti ya mwanamke, neno lililoburutwa mwishoni, na harufu ya kuku. Walitoka majini wote. Walipanda ukingo wa upande wa nyasi, upande ambao hawakuwahi kulishwa, bila haraka, wakitembea juu ya miguu iliyonyooka, matumbo yameinuka ardhini. Watu walicheka kwanza. Wengine walitoa simu. Kati yao na watu palikuwa na ukuta mfupi na wavu juu yake, na ukuta huo ulikuwa umesimama miaka yote.

Mvua ya usiku ilikuwa imekula udongo chini ya nguzo moja. Shemeji aliweka kichwa kwenye wavu mahali hapo, nguzo ikainama polepole, kama mtu anayesinzia, na kichwa chake chote kikatokea upande wetu. Mtoto wa kike alikuwa amesimama mbele yake, paja la kuku mkononi. Hakukimbia. Mama yake aliita jina lake, kisha akaanza kumwita, njoo, njoo, kwa Kiswahili, na kila alipoita, Shemeji alisogea.

Mwalimu alitokea nyuma yangu. Sikujua kwamba mtu wa umri wake anaweza kutembea kasi hiyo bila kukimbia.

"Nyamazeni," alisema kwa sauti ileile ya darasani. "Wote. Asiongee mtu Kiswahili. Ongeeni Kifaransa, ongeeni Kizulu, ongeeni mnachotaka. Kiswahili basi."

Nimeishi na amri hiyo maisha yangu yote, lakini sikutegemea kuisikia kutoka kwake. Nyasi zote zikawa kimya. Spika ikazimwa. Akamwendea mtoto kwa upande, akamnyang'anya paja la kuku, akalitupa mbali ndani ya bwawa, akambeba. Tshepo alikuja na ubao akausimamisha mbele ya pua ya Shemeji. Oom alikuja na bunduki.

"Usipige," Mwalimu alimwambia. "Anarudi. Mpe nafasi arudi."

Alirudi, kinyumenyume, akaiacha nguzo imelala. Hakuna aliyeumizwa. Mtoto alianza kulia pale tu alipoona kuku wake hayupo.

Jioni Oom alituita kibarazani. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mnyama anayemwendea mtu hana pa kwenda," alisema. "Mtoni hawezi kufunguliwa, sheria haikubali na wewe mwenyewe hukubali. Bustani nyingine hazitampokea nikisema ukweli, na siwezi kusema uongo. Unajua linalobaki."

"Najua. Nawafundisha watoto kila siku."

"Nani alimfundisha kuja?"

"Mimi."

Oom alitazama mikono yake. Waliongea kwa muda mrefu, yeye kwa Kiafrikana, Mwalimu kwa Kiingereza, kila mmoja akimwelewa mwenzake. Mwisho wakakubaliana. Nguzo zingewekwa zege, nyasi zingefungwa kwa wageni, na Mwalimu angepewa kipindi kilichobaki cha joto kumfundisha Shemeji kwamba sauti ile haina kitu tena. Baridi ingepita. Katika majira ya kuchipua, mkaguzi wa wanyamapori angekuja, Mwalimu angeita mbele yake kwa sauti yote, na Shemeji akija, angepigwa risasi siku hiyohiyo.

Kufundisha kusahau kulikuwa kwa kutisha kuliko kufundisha. Chakula sasa kiliitwa kwa bomba la chuma ambalo Tshepo aligonga ng'ambo. Mwalimu na mimi tulisimama upande wa nyasi, nyuma ya wavu mpya, saa tofauti na za kula, naye akaita. Wakaja. Hatukuwapa kitu. Akaita tena. Wakaja karibu zaidi, midomo wazi. Nilikuwa nimesoma kwamba mnyama anayenyimwa alichozoea huongeza juhudi kabla ya kukata tamaa, lakini kusoma jambo na kulitazama kooni ni vitu viwili. Shemeji alizoea kukaa pale wavu ulipogusa ukuta, macho kwa Mwalimu, akingoja. Alingoja mpaka kivuli kikamfunika.

Ilibidi ajifunze pia kwamba mwanamke yeyote mwenye lugha hiyo hana kitu. Kwa hiyo niliita mimi. Jumapili moja nikamleta mama yangu. Alisimama mbali sana na wavu, pochi kifuani.

"Mwanangu, digrii yote ile, nikakulipia na nauli, uje kunileta niite mamba?"

"Ni aligeta, mama."

"Ana tofauti gani akinila?"

"Ita tu, mama."

Aliita. Jike mmoja alipotokeza macho, mama alikuwa tayari ameshafika kwenye gari la Tshepo, na kutoka ndani ya gari, kioo kikiwa kimefungwa, aliita mara nyingine ili nisimlaumu.

Siku moja nilichelewa. Nilipofika nilimkuta Mwalimu amechuchumaa kwenye wavu, na Shemeji upande wa pili anameza. Kulikuwa na magamba ya samaki kwenye vidole vyake. Nilisimama nikapanga maneno, nikayapangua. Alikuwa mkubwa wangu kwa kila namna. Niliogopa kumkosea heshima, niliogopa kunyamaza, na hofu ya pili ikashinda.

"Mwalimu, umempa."

"Kasamaki kadogo."

"Sasa anaamini ukiita mara nyingi, mwisho utampa. Itabidi tuanze upya. Na joto linakwisha."

Nilimwona akitafuta sababu, na nilimwona akiikosa.

"Kila siku anakuja," alisema mwishowe. "Namwita, anakuja, namtazama, namfukuza. Wewe unajua ni mara ngapi watu wamenijia nikiita?"

"Ukimpa tena, Oom atampiga."

"Najua, msomi. Ni mimi niliyekufundisha." Akaninyooshea mikono yote miwili ili nione kwamba haina kitu. "Kuanzia leo nikague kabla sijaita."

Nikamkagua kila siku, mifukoni, mikononi, na ilikuwa kazi iliyonifedhehesha kuliko zote nilizowahi kufanya. Aliinua mikono kama mtu wa uwanja wa ndege, akitazama pembeni. Shemeji aliendelea kuja. Kisha akawa anakuja nusu ya njia. Kisha baridi ikaingia, wote wakazama, na hatukujua alichokichukua kule chini, kama ni kule kunyimwa au ni yule samaki.

Baridi hiyo Mwalimu aliugua kifua. Alikaa kwa binti yake miezi yote ya ukungu na moshi, na nilipompigia simu, alikohoa zaidi ya alivyoongea. Hakumtaja Shemeji. Mimi ndiye niliyemtaja, kila mara, kwa sababu sikuweza kuvumilia kuwaza peke yangu. "Tutaona," alisema.

Nilimwona tena siku ya mkaguzi. Miti ilikuwa imeanza kutoa majani, na aligeta walikuwa wameanza kuota jua kisiwani. Binti yake alimleta kwa gari, akabaki garini. Mwalimu alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara nyingi kuliko zamani. Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye kofia. Oom alisimama nyuma na bunduki imeelekezwa chini. Tshepo aliinamisha kichwa kama anaomba.

Nilimkagua mikono kwa mazoea. Ilikuwa baridi na haina kitu. Nikaanza kuwaza jingine: je, akiita kwa sauti ndogo kwa makusudi? Kifua chake kilikuwa kibovu, nani angemlaumu? Shemeji asingesikia, angepona, na sisi sote tungejua kwamba tumedanganya, na mwaka ujao mama mwingine angeita mtoto wake. Sikujua kama nilitaka adanganye. Nadhani nilitaka.

"Kwa sauti yote, tafadhali," mkaguzi alisema.

Mwalimu alivuta pumzi. Nilisikia kifua chake kikikwaruza. Kisha akaita, na sauti ilikuwa ileile, nzima, ya kufika dawati la nyuma, neno la mwisho limeburutwa mpaka likavuka bwawa likagonga ukuta wa pili.

"Watoto, chakulaaa."

Kisiwani, Shemeji alifumbua macho. Aliinua kichwa. Alikigeuza kuelekea kwetu, na nilimsikia Oom akihamisha mguu. Mkaguzi alimwashiria Mwalimu aite tena, naye akaita tena, hakupunguza chochote. Shemeji aliingia majini. Kwa muda hapakuwa na kitu isipokuwa duara likitanuka. Kisha pua na macho vikatokea ng'ambo, mbali kabisa, kwenye matete, vikiwa vimetupa kisogo.

Mkaguzi alingoja sana. Mwishowe akasema inatosha, na Oom akatoa risasi akaziweka mfukoni. Tshepo akacheka peke yake. Wakaondoka kuelekea kibarazani, na mimi nikabaki kwa sababu Mwalimu hakuondoka.

Alisimama akitazama matete. Tumemponya, nilitaka kumwambia, lakini nilimwona uso. Aliegemea wavu na, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndogo, ya ndani ya nyumba, akaita mara moja zaidi, bila mtu kumwagiza.

"Njoo, mwanangu. Njoo ule."

Niliyatazama maji. Niliogopa yatasogea. Yalivyokaa bila kusogea, hofu yangu haikuisha, iligeuka tu ikatazama upande wa pili, na kimya kikawa kirefu mpaka nikashindwa kukivumilia.

"Abee," nikasema.

Mwalimu hakugeuka.

"Sijakuita wewe, msomi."

"Najua."

Akaendelea kuyatazama maji. Baada ya muda alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyofanya kule Soweto mbwa alipobweka, nami nikaushika.